Daftari la chama lisiwe la matanga tu

Kwako Mhariri,

Asalamu alaykum. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Langoni, Lamu. Naomba nafasi kwa jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita, nilipopigiwa simu ya picha na shoga yangu Mfilipino.

Nilikaa naye chumba kimoja miaka saba huko Ghuba, wodi moja, mara nyingi zamu moja ya usiku. Tulikuwa sita chumbani: Wafilipino wanne, Mhindi wa Kerala, na mimi. Siku ya kwanza nilimtilia chai akaniambia "salamat". Nikadhani aniuliza hali, nikamjibu, "Salama, alhamdulillahi." Kumbe kwao ni ahsante, neno la Kiarabu lililopitia kwa Wamalei hadi visiwani mwao, kama lilivyotufikia sisi. Upatu nao waujua, wauita paluwagan, na mwezi wangu wa kupokea ndipo nilipomwezekea mama nyumba. Tena mtoto wa kwao akimwamkia mzee huushika mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso. Mimi niliyelelewa kumbusu bibi mkono hilo sikuhitaji kuelezwa.

Mkataba wake ulipokwisha alihamia Marekani. Yuko mji mdogo karibu na Seattle, na amejiunga na chama cha Wafilipino wa hapo. Jina la chama silitaji kwa kuwa sikuomba ruhusa. Jumamosi alinielekezea simu kwenye karatasi ya habari wanayogawiana kila mwezi, akanisomea mstari kwa mstari. Fulani amejifungua mtoto wa kike. Kijana fulani amefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Bwana na bibi fulani wametimiza miaka 50 ya ndoa. Mzee fulani amekula kiapo cha uraia akiwa na miaka 71. Kisha ikaja habari ya bintiye.

Kwao msichana akifika miaka 18 hufanyiwa karamu kubwa. Wanaume 18 wa karibu naye humpa waridi mmoja mmoja na kucheza naye, na wanawake 18 kila mmoja hushika mshumaa na kumpa neno la usia. Karatasi ilikuwa imeorodhesha wenye mishumaa. Wa kumi na nane, shoga yangu akasoma polepole: "Shangazi wa Lamu." Alinihesabu. Mshumaa wangu ulishikwa na dadake kwa niaba yangu, na usia uliosomwa ni maneno niliyomtumia msichana yule kwa simu mwezi wa Ramadhani, nikiwa sijui yatasomwa mbele za watu. Nililia, Mhariri, na hata sasa nikiandika machozi hayako mbali.

Usiku ule nilitoa daftari la chama chetu, maana mimi ndiye mwandishi wake. Tuko akina mama 43. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa: aliyefiwa, mchango, nani hajatoa, sanda, mchele wa matanga, nauli ya boti ya kuvusha maiti kutoka Mokowe. Hakuna harusi. Hakuna mtoto aliyezaliwa wala aliyehitimu msahafu. Mwenzetu mmoja alirudi shule baada ya kuzaa watoto wanne, akafanya mtihani wa kidato cha nne meza moja na mwanawe, wakapita wote wawili. Sisi tulipiga vigelegele uani, lakini daftarini hayumo. Yumo pale alipofiwa na babake tu. Na mwaka chama kilipoanza tumeubishia hadi leo, kwa kuwa ukurasa wa kwanza unaanza na jeneza.

Huenda msomaji akasema Wafilipino wa Marekani wana nafasi na wana pesa, ndiyo maana wanaandikiana furaha. Nilimwuliza shoga yangu hilo, na alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Desemba 1906 wanaume 15 wa kwanza walishuka Honolulu kwenda kukata miwa. Wengine wengi wakafuata, wakaenea mashamba ya Kalifonia na viwanda vya samaki vya Alaska, wengi wao wanaume wasio na wake. Mwaka 1934 sheria ikakata Wafilipino wa kuingia Marekani wawe 50 tu kwa mwaka, na majimbo kadhaa yakawakataza kuoa wanawake wa Kizungu. Mtu alizeeka peke yake kwenye chumba cha kupanga, akafa hana wa kumwosha. Basi vingi vya vyama vyao vya mwanzo vilikuwa vya kusaidiana na kuzikana, kama chetu. Sheria ya 1965 ndiyo iliyofungua mlango wakaja wauguzi kwa maelfu, wakazaa, wakawa na furaha za kuandika. Chama cha Wafilipino wa Seattle chenyewe kilianza mwaka 1935, na jengo lake kilinunua mwaka 1965, miaka 30 ya kuchangishana. Kabla ya hapo lilikuwa ukumbi wa mchezo wa kuviringisha matufe, "bowling".

Kuna na hili, ambalo limenikereketa zaidi. Oktoba 1587 jahazi la Wahispania lilitia nanga pwani ya Kalifonia likiwa na mabaharia wa kisiwa cha Luzon. Nahodha aliandika kwamba walikuwepo. Kwa maandishi yale, Bunge la Marekani mwaka 2009 lilitambua Oktoba kuwa mwezi wa historia ya Wafilipino wa huko. Walikuwa mabaharia wa chombo cha mtu mwingine, na mstari mmoja ukawaweka. Sisi babu zetu walifika Maskati na Bombay kwa pepo za kaskazi na kusi, na wa kwangu simjui hata jina la chombo chake.

Sasa ombi langu, Mhariri. Tangu gati la kwanza la bandari yetu lifunguliwe Mei 2021, Lamu imo magazetini: bandari, usalama, fidia ya mashamba. Hayo ni ya haki na muendelee kuyaandika. Lakini mtupe na robo ya ukurasa kila Jumamosi kwa habari za vyama vya watu wa pwani, walio hapa na walio Mombasa, Malindi, Maskati, Jedda, kokote. Amezaliwa nani, amehitimu nani, nani amestaafu salama baada ya miaka 30 ya unahodha. Makatibu wa vyama wataleta wenyewe, na wahusika waulizwe kwanza kama waridhia, kwa sababu si kila mtu apenda kutangazwa. Picha si lazima.

Na makatibu wenzangu, tusingoje gazeti. Mimi Jumapili niligeuza daftari letu, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Mbele kutabaki kwa mazishi. Nilipita nyumba kwa nyumba, Langoni hadi Gardeni, nikiuliza kila mwanachama jambo moja jema la mwaka huu. Baadhi walinyamaza kwanza, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa. Mmoja alikaa kitako mlangoni akafikiri mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

Mkikubali, haya ndiyo ya wiki ya kwanza, wenyewe wameridhia. Mwenzetu aliyefanya mtihani na mwanawe ameanza kufundisha watoto wa chekechea. Mjukuu wa mweka hazina wetu amehitimu msahafu akiwa na miaka tisa. Na yule aliyekaa mlangoni aliniambia niandike kwamba mwanawe baharia, aliyekuwa kimya miezi mitano, alipiga simu siku ya Alhamisi.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu