Mazoezi ya mbwa Jumamosi: amri moja tu

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tunakutana saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Njooni na kamba fupi, maji ya mbwa na vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa.

Safari hii naomba tushughulikie tabia ya kurudia amri. Kwenye mashindano ya utii, ukisema "kaa" mara mbili unapoteza alama, na mbwa aliyezoea kuambiwa mara tatu hungoja ile ya tatu. Sema mara moja, nyamaza, mpe nafasi. Akikosea usimkemee, sogea hatua mbili, anza upya na zoezi rahisi zaidi. Akipatia, mpe kipande papo hapo angali amekaa. Ukimpa akiwa ameshainuka, umemlipa kwa kuinuka.

Kutembea ubavuni mnakujua: kushoto kwako, bega lake sambamba na mguu wako, kamba imelegea. Ukisimama akae bila kuambiwa. Nyumbani, dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha kabisa.

Kwenye ulingo wa mashindano hamtaruhusiwa kuingia na chakula, kwa hiyo anzeni sasa kuyaacha maini mezani badala ya mfukoni. Mbwa afanye mazoezi mawili matatu, kisha mkimbie pamoja kuyachukua. Wanapenda sana!

Wenye watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo, tafadhali waacheni nyumbani, nyinyi njooni mtazame. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa, inaua haraka.

Atakayekosa aandike hapa kabla ya Ijumaa jioni.