Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, salamu za kiskauti.

Shughuli za kawaida mnazijua. Usafi wa ufukwe umefanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kambi za wikiendi zilikuwa mbili, na vijana 9 wamevishwa skafu, yaani wamepokewa rasmi kuwa skauti. Viongozi wa vikosi wameshazisimulia, sitarudia.

Mikoko. Tulipanda 1,200 na hadi Novemba iliyosimama ni 540. Nimesikia maneno ya pembeni kwamba nguvu za vijana zimepotea bure, basi nieleze. Mbegu zilikuwa nzuri: ziliokotwa zikiwa zimeshatoa pete ya njano shingoni, dalili ya kukomaa, zenye matundu ya wadudu zikatupwa, zilizobaki zikawekwa kivulini wiki moja ili kaa wasizishambulie. Zilididimizwa theluthi moja kwenye tope, nafasi ya mita moja moja. Kosa lilikuwa mahali. Awamu ya pili nilikuwa nje ya Tanga kikazi, na kikosi kikapanda 600 upande wa bahari, penye mililana, mikoko ya aina nyingine inayoota karibu na maji. Mkoko hapo unafunikwa na maji muda mrefu mno, na mawimbi ya bamvua, maji yakijaa sana, yanaung'oa kabla mizizi haijashika. Zimebaki 28. Zile 600 za safu ya nyuma, upande wa nchi kavu, nilizosimamia mwenyewe, zimesimama 512. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya.

Sasa safari. Kamati ilifuta mpango wa kupeleka vijana wawili kwenye kituo cha kimataifa cha skauti cha Kandersteg, Uswisi, ikapeleka kundi Nyeri, Kenya, kwa basi mwezi wa Juni. Wapo wanaosema tumewashusha vijana hadhi. Viza ya Schengen, ya kuingilia Uswisi, ni yuro 90, haina marejesho ukinyimwa. Bima lazima ifidie yuro 30,000 au zaidi. Kwa aliye chini ya miaka 18 inatakiwa ridhaa ya wazazi wote wawili, na mmoja wa wale vijana baba yake yuko melini, sahihi yake tuliisubiri miezi mitatu bila kuipata. Tungeendelea kusubiri mpaka lini? Kwa shilingi 5,760,000 tuliandaa nafasi 18: vijana 16 na viongozi wawili, nauli, chakula na kiwanja cha mahema. Na Nyeri si mahali padogo kwa skauti. Ndiko alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lina duara lenye nukta katikati, alama ile ile ambayo vijana wetu huichora kwa kijiti mchangani mwisho wa zoezi la kufuata njia: nimerudi nyumbani.

Waliosafiri ni vijana 13. Watatu walibaki, na wazazi wao wamekuwa wakali kwangu kuliko walivyo kwa kalenda. Tangazo la Machi lilisema wazi: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya mzazi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano. Hao watatu walichanjwa siku sita kabla ya safari. Kuwafikisha mpakani Horohoro tukijua hivyo kungekuwa kuhatarisha safari ya wote. Basi lilikwisha kulipiwa, fedha za viti vile hazirudi, na kamati haitazifidia.

Mahudhurio ni aibu. Mkutano wa Agosti tulikuwa 19 kati ya wanachama 84. Akidi haikutimia tukaahirisha, chai ikanywewa na walinzi. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, shilingi 2,000 tu kwa mwezi. Waliolipa ni 31, yaani shilingi 744,000. Tunadai shilingi 1,272,000. Katika wanaolalamikia Kandersteg kwa sauti kubwa, waliolipa ni wawili.

Mwakani tunatarajia kuziba mapengo ya mikoko safu ya nyuma, na Mungu akijalia tutatazama safari nyingine, pengine Uganda, pengine mbali zaidi, kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Daftari la mapato na risiti zote ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kukagua anakaribishwa, ila aje na ada yake.

Mwenyekiti