Barua kwa mwanangu: akili, nakili na sufuria ya kuazima

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwalimu wenu wa falsafa aliwataka mchague: anayemwamini Mungu anamwamini kwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa mitume, kwa akili au kwa ushahidi? Ukajibu kwa wahyi. Darasa likakuuliza umejuaje kwamba huo ni wahyi, ukanyamaza. Kunyamaza si kosa. Kosa lilikuwa kuanza na jibu hilo, na wanazuoni wetu wa tauhidi walilionya karibu miaka elfu moja iliyopita.

Ukisema Mungu yupo kwa kuwa Qur'ani imesema, na Qur'ani ni kweli kwa kuwa ni maneno ya Mungu, umeingia katika kile wanachokiita dauri, yaani mzunguko. La kwanza limeegemea la pili, la pili limeegemea la kwanza, na hakuna lililoegemea ukuta. Imamu Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, alizigawa itikadi mafungu matatu kwa sababu hiyo hiyo. Fungu la kwanza hujulikana kwa akili tu: kwamba Mungu yupo, ana uhai, anajua, ana uwezo, na hutenda kwa kutaka. Hayo hayawezi kuthibitishwa kwa nakili, yaani yaliyopokewa katika Qur'ani na hadithi, maana nakili yenyewe imesimama juu yake. Asiyejua hatumi ujumbe, asiye na uwezo hatumi mjumbe. Fungu la pili hujulikana kwa nakili tu: malaika, hesabu, Pepo, Moto, rakaa za sala. Akili inasema hayo yanawezekana, basi. Kwamba yapo au yatakuwapo, haina njia ya kujua. Fungu la tatu hupatikana kwa njia zote mbili. Ndiyo maana katika zile sifa ishirini za Mungu ulizohifadhi madrasa, wengi wa maulamaa wanapofika kwenye kusikia, kuona na kunena hutanguliza dalili ya aya, ilhali kwenye uwezo na ujuzi hutanguliza dalili ya akili. Ulipozihifadhi ulikuwa mdogo, hukuambiwa mpangilio ule una kazi gani. Kazi yake ni kukukinga na swali ulilokutana nalo juzi.

Sasa twende kwenye hukumu tatu za akili. Wajibu ni kile ambacho akili haikubali kikosekane, kama mwili kuchukua nafasi. Muhali ni kile ambacho akili haikubali kiwepo, kama mwili mmoja kutembea na kutulia wakati ule ule. Jaizi ni kile kinachoweza kuwepo na kinachoweza kutokuwepo: mvua ya kesho, mwembe wa uani, wewe na mimi. Hoja nzima ya kuwepo kwa Mungu imebebwa na hilo neno la tatu. Jaizi hakina haki ya kuwepo kutoka kwake chenyewe. Kikiwepo, kuna kilichokifanya kiwepo badala ya kutokuwepo. Je, hicho nacho ni jaizi? Kama ndiyo, swali linasogea hatua moja nyuma, halijajibiwa.

Chukua sufuria kubwa ya pilau. Una shughuli, umeiazima kwa jirani. Jirani aliiazima kwa wifi yake, wifi kwa shoga yake. Ukiniambia kwamba kila aliyewahi kuishika aliiazima, na mlolongo huo hauna mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo bila kuazima, basi umeniambia kuwa sufuria haikufika jikoni kwako. Lakini wali uko juu ya mafiga, unachemka! Kuurefusha mlolongo hakusaidii kitu. Waazimaji kumi au wasiohesabika, wote hali yao ni moja: hawana sufuria yao. Lazima awepo mwenyewe. Huyo ambaye kuwepo kwake si kwa kuazima ndiye wanayemwita Wajibul-Wujudi.

Angalia vizuri kwamba hoja hii haikutaja mwanzo wa wakati. Wengi huchanganya hapa. Wanazuoni wa ilmul-kalam, elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja, walipenda njia ya kuzuka: ulimwengu una mwanzo, kila chenye mwanzo kina mwanzishi. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakuhitaji mwanzo. Aliona ulimwengu ni wa tangu na tangu, na bado akasema unamhitaji Mungu, kwa kuwa ni jaizi. Imamu Ghazali, mwanafunzi wa Juwayni, alimpinga vikali kwenye hilo la ulimwengu kutokuwa na mwanzo. Mimi nipo na Ghazali katika itikadi, lakini darasani kwenu nakushauri uanze na njia ya jaizi, kwa sababu haikulazimishi kwanza ubishane juu ya fizikia.

Kosa linaloua hoja hii ni kuisema vibaya. Wengi husema "kila kitu kina muumba". Papo hapo mtoto wa darasa la tatu atauliza: na Mungu je? Naye atakuwa na haki, maana umesema kila kitu. Sema: kila jaizi kilichopo kina kilichokifanya kiwepo. Hapo swali la nani kamuumba Mungu linakuwa sawa na kuuliza mwenye sufuria aliiazima kwa nani. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba shetani atamfikisha mtu kwenye swali hilo, na akifika hapo ajikinge kwa Mungu na akome. Watu wanadhani ni kukatazwa kufikiri. Mimi naisoma kwamba ukifika pale, fikra imekwisha kazi yake, na kuendelea ni kuzunguka.

Mpinzani hodari hatakubana hapo. Atakubana kwa kukataa swali lenyewe. Mwaka 1948, katika mjadala uliorushwa na redio ya BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alimjibu padri Copleston kwamba ulimwengu upo tu, basi, hauhitaji maelezo. Usilidharau jibu hilo. Huwezi kumpeleka maabara ukamwonesha chini ya darubini kwamba kila jaizi kina sababu, kwa kuwa hiyo si habari ya kitu kimoja kinachoonekana. Unachoweza ni kumwonesha gharama yake. Gari likizimika, ugonjwa ukizuka, mtu huyo huyo hakubali kuambiwa "imetokea tu". Anaitumia kanuni asubuhi hadi jioni, kisha anaiacha mlangoni pale tu inapomkaribisha kwa Mungu. Tena muulize: ulimwengu una vipimo maalumu, kiasi hiki si kile, umbo hili si lile. Kilichochagua hiki kikaacha kile ni nini? Wanazuoni wetu waliitoa sifa ya irada, yaani kutaka, hapo hapo.

Basi akili imekufikisha kwa Mwenye kuwepo kwa lazima, anayejua, anayeweza, anayetaka. Ni mengi, lakini hujajua umwite nani, anaridhika na nini, utasali vipi, wala kama atakufufua. Hapo ndipo wahyi unapohitajika, na hapo ndipo ushahidi unapoingia, kwa sababu anayedai ametumwa ni mwanadamu kama wewe, na madai bila ushahidi yanalingana na madai ya mwongo.

Maimamu hutoa mfano wa mfalme. Mtu anasimama barazani mbele ya watu na mfalme amekaa anasikia. Anasema: mimi ni mjumbe wa mfalme huyu kwenu, ewe mfalme, kama nasema kweli, vunja desturi yako, simama kisha ukae. Mfalme akisimama akakaa, hakutamka neno, lakini kila aliyekuwapo amejua kamsadikisha. Ndiyo muujiza. Sharti zake uzijue moja moja: liwe jambo linalovunja desturi; litokee kwa anayedai utume; liambatane na madai yake; lilingane nayo (akisema jiwe litanena, likanena likamwita mwongo, amejikosesha); na wapinzani washindwe kuleta mfano wake. Likikosekana sharti moja, una jambo la ajabu tu. Mganga anayetoa sindano kwenye goti la mgonjwa hana hata moja kati ya hizo.

Na sisi tusiokuwapo barazani? Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba ushahidi wa watu juu ya muujiza hauwezi kushinda uzoefu wetu wa kila siku, kwa kuwa uongo wa watu ni jambo tunaloliona sana kuliko maumbile kubadilika. Yuko sahihi juu ya habari nyingi. Wanazuoni wetu walikuwa wakali kuliko yeye: habari ya mtu mmoja mmoja, hata ikiwa sahihi kwa sharti zote tano za wanazuoni wa hadithi, kwa wengi wao huleta dhana yenye nguvu tu, na msingi wa itikadi haujengwi juu ya dhana. Kinacholeta yakini ni mutawatiri. Sharti zake ni wapokezi wengi kiasi ambacho desturi haikubali wawe wamekubaliana kusema uongo. Wingi huo uwepo kila tabaka, toka waliosikia hadi kwako. Na mwisho wake uwe ni kitu kilichoonwa au kusikiwa, si rai. Watu wote wa mji wakisema jua linaizunguka dunia, hiyo si mutawatiri, hata wakiwa milioni, kwa sababu hiyo ni rai yao. Qur'ani imetufikia kwa mutawatiri, na changamoto yake iko wazi ndani yake: leteni sura moja mfano wake. Sura fupi kabisa ni al-Kauthar, aya tatu.

Sitakuficha kwamba kuuonja muujiza huo kunataka Kiarabu. Asiyekijua anategemea ushahidi wa wanaokijua, wakiwamo Waarabu wa wakati ule ambao walikuwa mabingwa wa ushairi, wakaona vita ni rahisi kuliko kuleta aya tatu. Kwa hiyo endelea na nahau na sarufi yako ya Kiarabu. Usiiache kwa sababu ya mitihani ya chuo.

Ushahidi wa aina nyingine unaotembea siku hizi kwenye simu, wa kuilinganisha kila aya na nadharia ya sayansi, nakuomba uuendee polepole. Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyetoa wazo la ulimwengu kuanza kutoka kwenye chembe moja mwaka 1931, hakufurahi Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951. Padri huyo alikuwa na imani kuliko wengi wetu. Alijua nadharia hurekebishwa, na imani iliyofungwa kwenye nadharia hutikisika nayo siku ya marekebisho.

Yule mwanafalsafa Mwingereza Clifford mliyesomeshwa, aliyesema mwaka 1877 kuwa ni kosa daima kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha, mfano wake wa mwenye meli ni wa kweli. Anajua meli ni kuukuu, anajituliza moyo kuwa ni salama, inazama na watu, naye analipwa fidia ya bima. Imani ya kujidanganya kwa faida ni dhambi hata kwetu. Ila yeye hasemi "kutosha" ni kiasi gani, na kwa nani. Wanazuoni wetu walilipima hilo: dalili ya jumla inamtosha kila mtu, na dalili ya kina ni faradhi ya kutosheleza, wakiijua baadhi mjini wengine wamesamehewa. Mama auzaye vitumbua alfajiri, anayesema nyayo mchangani haziwi bila aliyepita, dalili yake imetimia. Hajui kuipanga tu. Usimtazame kwa jicho la chini kwa kuwa wewe umejua neno jaizi. Ghazali mwenyewe, aliyezijua hoja zote, alipopatwa na shaka akasema hakuponywa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru aliyoitia Mungu kifuani mwake.

Shaka ikikujia, kwanza ijue ni ya aina gani. Shubha ina maneno: unaweza kuiandika kwenye karatasi kwa sentensi moja, na dawa yake ni jibu, lako au la mjuzi. Waswasi hauna maneno. Ni kifua kubana, unarudi hata ukijibiwa, na kuujadili kunaulisha. Dawa yake ni kuupuuza, kulala, kula, na kumtaja Mungu. Ukiutibu mmoja kwa dawa ya mwingine utaumia. Na kutaka kuona si kukufuru. Ibrahimu aliomba aoneshwe wafu wanavyofufuliwa. Akaulizwa, kwani huamini? Akasema naamini, lakini moyo upate kutulia. Akaambiwa atwae ndege wanne.

Umeniuliza pia juu ya mwenzako wa chumbani, ambaye yote aliyowahi kuyasikia juu ya Uislamu ni mabomu. Ghazali aliwagawa watu makundi matatu: ambao jina la Mtume halikuwafikia, hao wana udhuru, waliolijua na wakazijua sifa zake, kisha wakakataa, na waliofikiwa na jina huku sifa zikiwa zimegeuzwa. Kundi hili la tatu akalihesabu pamoja na la kwanza, kwa kuwa waliyoyasikia hayamwiti mtu kutazama. Mwenzako ni wa hilo. Usianze naye na hoja ya sufuria. Mpikie.

Wassalaam,
Mamako