Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa AfCFTA: tusingoje 2035 ndipo tupime makisio

Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara Barani Afrika,
Accra, Ghana.

Salaam kutoka Mbeya. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikisia kwamba mkataba mnaousimamia utaongeza mapato ya Afrika kwa dola bilioni 450 ifikapo 2035 na kuwatoa watu milioni 30 katika umaskini uliokithiri. Ninafundisha uchumi, na wanafunzi wangu huniuliza ni nani atakayerudi kuyahakiki makisio hayo. Swali hilo nakuletea wewe.

Lina msingi. Kabla ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, kuanza mwaka 1994, wachumi walikisia sekta kwa sekta yatakayotokea Mexico, Marekani na Kanada. Baadaye mchumi Timothy Kehoe aliyalinganisha makisio na matokeo. Biashara ilikuwa imekua kuliko modeli zao, yaani hesabu walizotumia kukisia, zilivyosema, tena kwa mbali, na sekta zilizotarajiwa kuongoza mara nyingi sizo zilizoongoza. Modeli zile huchukua biashara iliyopo tayari na kuizidisha. Bidhaa isiyouzwa kabisa huanzia sifuri, na sifuri uizidishe utakavyo hubaki sifuri. Kumbe ukuaji mwingi ulitoka kwenye bidhaa zilizokuwa haziuzwi, au zikiuzwa kidogo sana.

Kwetu sifuri ni nyingi, na baadhi ni za kwenye karatasi tu. Mahindi yanayovuka Tunduma, mpakani na Zambia, kwa njia za panya hayamo katika takwimu za forodha. Siku yatakapopita getini yakaandikwa, yataonekana ni biashara mpya iliyoletwa na mkataba, ilhali mama yuleyule amekuwa akiyauza ng'ambo miaka yote. Mpimaji asiyelijua hilo ataisifu modeli bure.

Mheshimiwa, kati ya zile bilioni 450, bilioni 292 zinategemea kurahisisha taratibu za mipakani. Saa ambazo lori linakaa foleni Tunduma zinahesabika leo hii. Zisipopungua, tutajua mapema kwamba makisio yamesimama juu ya dhana isiyotimia.

Naomba makisio ya kila nchi na kila bidhaa yatangazwe kabla ya ushuru kupunguzwa tena, kisha kila mwaka yawekwe kando ya matokeo. Pembeni yake liwepo kisio la mtu asiye na modeli, anayesema tu kwamba mwakani kutakuwa kama mwaka huu. Modeli inayoshindwa na huyo isipelekwe mbele ya mawaziri wetu.

Wako katika ujenzi wa Afrika,
Mwalimu wa uchumi, Mbeya