Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Ghala la majalada lisifagiliwe

Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUONDOLEWA KWA MAJALADA TULI (YASIYOTUMIKA TENA KILA SIKU) KATIKA GHALA LA JENGO LA UTAWALA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jumanne ya wiki iliyopita nilipita chuoni kuwasalimia wenzangu niliowaacha kazini. Pale kituo cha daladala nikanunua karanga za shilingi mia tano, mama akanifungia kwenye karatasi kama kawaida. Nilipomaliza nikaikunjua. Ilikuwa karatasi ya matokeo ya chuo chetu: namba za usajili kushoto, majina katikati, alama kulia, na chini saini ya mkuu wa idara ambaye sasa ni marehemu. Nikamuuliza mama ameipata wapi. "Vijana wa usafi wameniuzia kwa kilo," akasema bila kuficha, maana kwake halikuwamo la kuficha. Nikanunua na zote alizobakiwa nazo. Ni kurasa 46. Ziko nyumbani kwangu ndani ya bahasha, na nitazirudisha masjala, ofisi ya kutunza majalada, siku nitakayoambiwa nani atazipokea na kuzisainia.

Nimeelezwa kwamba ghala linatakiwa kuwa tupu ifikapo mwisho wa Juni, papatikane chumba cha seva, yaani kompyuta kuu za chuo, na kwamba hakuna hasara kwa kuwa majalada yote yameshaskaniwa. Profesa, nimekaa masjala miaka 31. Naomba unisikilize juu ya hilo neno "yote".

Niliomba vijana walioskani wanionyeshe kazi yao. Wamejituma, siwalaumu. Lakini mafaili kwenye kompyuta yamepewa namba ambazo mashine ilizitoa yenyewe, moja, mbili, tatu, hadi maelfu. Hakuna jina la jalada wala namba yake ya masjala, na faharasa haipo. Ukitaka barua ya mwaka 1987 itakubidi ufungue moja moja mpaka uchoke. Kubwa zaidi, mashine ilisoma upande mmoja tu wa karatasi. Sisi wa masjala tunajua kwamba barua inaeleza ombi, ila uamuzi uko kwenye dokezo, yaani maneno mafupi ya mkubwa, na wakubwa wetu wa zamani walikuwa wakiandika madokezo kwa kalamu nyuma ya folio, karatasi ya ndani ya jalada, ili kubana karatasi. "Nakubali, alipwe." "Hapana, arudie mwaka." Maneno hayo hayamo kwenye kompyuta hata moja. Karatasi ikiuzwa kwa kilo, uamuzi nao umeuzwa.

Mwaka 2016 alikuja mzee mmoja, fundi maabara mstaafu, ameshika mfuko wa plastiki wenye vikaratasi vyake. Mafao yake yalikwama kwa kukosa barua ya kuthibitishwa kazini. Jalada lake halikuwepo kwenye reki. Wengine walishamwambia limepotea, aende akaape mahakamani. Mimi nikashuka ghalani nikatoa daftari la mwendo wa majalada la miaka ya tisini, lile kubwa lenye jalada gumu la kijani, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Machi 1994: jalada limetoka, limepelekwa idara fulani, safu ya kurudishwa iko wazi. Tulikwenda kwenye idara hiyo, tukavunja kufuli la kabati ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi, tukalikuta. Pini zilikuwa zimeshika kutu hadi kutoboa karatasi, lakini barua ilisomeka. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye benchi la masjala kwa muda mrefu hajasema neno.

Madaftari hayo ya mwendo wa majalada hayakuskaniwa kabisa. Yamerundikwa pamoja na vitu vya kutupwa, kwa sababu aliyepanga kazi aliona ni madaftari ya zamani tu.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002 ya hapa Tanzania, haiachii kila ofisi ya umma iamue peke yake nini cha kuteketeza. Lazima uwepo mwongozo unaosema jalada la aina gani likae miaka mingapi, lipi liteketezwe na lipi lisiguswe kamwe, na idhini itoke kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sisemi tusiteketeze. Risiti za mafuta ya magari za mwaka 1998 nazo tunazilaza bure. Ila mihutasari ya Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, sajili za wanafunzi, matokeo na majalada ya watumishi si wenzake na risiti.

Chuo kinaweza kufa na kumbukumbu zake zikaendelea kuhitajika. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyehitimu mwaka 1968 anashikilia shahada ya chuo ambacho hakipo, na ushahidi wake ni karatasi. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti nchini ulipotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, kazi ile iliwezekana kwa sababu mahali fulani palikuwa na kumbukumbu za kulinganishia.

Na majanga hayapigi hodi. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941, liliungua kuanzia paani, na ofisi za kumbukumbu na fedha zilikuwemo humo. Aprili mwaka uliofuata moto ulishuka mlimani Cape Town ukateketeza maktaba ya Jagger ya chuo kikuu chao, vikapotea takriban vitabu na machapisho 70,000 ya masomo ya Afrika. Lakini nyaraka zilizokuwa vyumba vya chini zilipona, kwa sababu milango ya kuzuia moto ilijifunga. Zilizolowa maji wakazigandisha kwenye makontena ya barafu ili zikaushwe taratibu. Wenzetu walikuwa wamejiandaa. Ghala letu halina hata mtungi mmoja wa kuzimia moto.

Ninachoomba ni hiki. Usafishaji usimame leo, si Juni. Madaftari na sajili vitolewe kwanza, vifungiwe pakavu. Kitengo cha kumbukumbu kiwe chini ya ofisi yako, kiongozwe na mtu aliyesomea. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha vijana wa fani hii kila mwaka, nasi tukiwapata tunawatuma kupeleka barua kwa miguu, na masjala tunampeleka aliyekosana na bosi wake. Hilo limeniuma miaka yote 31.

Mwaka 2011 niliorodhesha kwa mkono maboksi yote ya ghala lile, boksi kwa boksi, reki kwa reki. Nakala ninayo. Nipo tayari kuja nayo siku yoyote utakayonipangia, nikae na vijana ghalani wiki mbili au mwezi, bila posho. Nitakuja na bahasha yangu ya kurasa 46.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza Kumbukumbu mstaafu