Barua kutoka Praha: naomba video ya Bibi akitwanga

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Bibi naye shikamoo. Najua hii atasomewa kwa sauti, kwa hiyo msiruke aya. Mimi ni mzima. Baridi nimeizoea, ndizi zipo lakini ni zile za kumenya na kula tu, na mtori nauota.

Baba, kwenye simu uliuliza kama kweli tulichangishana nauli yote ile ili nije kujifunza kutengeneza wanasesere. Nilicheka, mtandao ukakatika, ukabaki bila jibu. Jibu lako hili hapa, na nitalitoa kwa lugha ya gereji.

Kikaragosi cha filamu, yaani mwanasesere tunayemsogeza na kumpiga picha moja moja mpaka aonekane anatembea, kina mifupa. Vile vya gharama vina viungo vya gololi: gololi ya chuma imebanwa kati ya vibati viwili, na skrubu ya kukaza. Ni boljointi ya gari hasa, ila imepunguzwa ikawa ya milimita chache. Ukikaza mno, mkono haugeuki. Ukilegeza mno, unajishukia wenyewe kabla picha haijapigwa. Wanafunzi tunatumia waya wa alumini, nyuzi mbili au tatu tunazisokota pamoja kwa drili, kisha sehemu za mifupa tunazivika gundi ya epoksi ikauke, na penye kiungo tunaacha waya mtupu upate kupinda. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa sana unachoka na kukatika, hasa kwenye kifundo cha mkono, ndiyo maana viganja tunavichomeka ili kilichovunjika king'olewe kiwekwe kingine. Ndani ya nyayo kuna nati. Meza ina matundu, boliti inapanda kutoka chini na kukikaza kikaragosi kisimame. Bila hiyo boliti hakuna kutembea, maana anayetembea muda mwingi yuko juu ya mguu mmoja.

Sasa hesabu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Mara nyingi kila mkao tunaupiga picha mbili, kwa hiyo sekunde moja ni mikao 12, na dakika moja ni mikao 720. Kila mkao mtu anainama, anasogeza kidole kidogo tu, anatoka, anapiga. Madirisha tunayafunika kwa nguo nyeusi, kwa sababu jua likihama ukutani, kwenye filamu mwanga utakuwa unapepesa. Hata sisi tunavaa nguo za giza. Shati jeupe linarudisha mwanga juu ya seti. Kwa hiyo Mama, zile blauzi ulizonishonea ni za kanisani tu huku.

Na wewe ndiye ninayekuhitaji zaidi, Mama. Kikaragosi changu kina urefu wa sentimita 25 hivi. Nilipokivika kitenge nilichokuja nacho, ua moja likajaa kifua kizima. Kitambaa kipya tena ni kigumu, kinasimama badala ya kuanguka. Kinachofaa ni kilichofuliwa mpaka kikawa chepesi: khanga kuukuu, mashuka yaliyochakaa, bitana. Mshono wa cherehani nao unaonekana mnene kama kamba, kwa hiyo sehemu nyingi tunabandika kwa gundi, na ndani ya pindo tunapitisha waya mwembamba sana ili nguo ipepee pale tunapotaka upepo. Kisha vidole. Kila ukigusa nguo inajikunja kidogo, na picha zikikimbia nguo yote inaonekana inachemka mwilini. Wapo wanaopenda hivyo, kwamba inaonyesha mkono wa mtu ulipita. Mimi sipendi, inanitoa kwenye hadithi.

Huku Czech vikaragosi ni jambo la watu wazima. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza uchezeshaji vikaragosi wa Czech na Slovakia kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Bwana wao mkubwa kwenye filamu anaitwa Jiří Trnka, alizaliwa Plzeň mwaka 1912. Baba yake alikuwa fundi bomba na mama yake mshonaji. Baba, hapo nimetulia kidogo ili usome tena.

Filamu yake ya mwisho ni ya 1965, dakika 18 hivi, haina neno hata moja. Kuna mfinyanzi mdogo anayetengeneza vyungu kwa ajili ya ua lake. Unakuja mkono mkubwa, mkono wa mtu halisi, unamtaka aache vyungu atengeneze sanamu za mkono. Anakataa. Unambembeleza kwa fedha, unamtisha, mwisho unamfungia kwenye tundu kama la ndege achonge sanamu hiyo. Anatoroka, anarudi kwake na kujifungia, chungu chake mwenyewe kinamwangukia kichwani anakufa, na mkono uleule unamfanyia mazishi ya heshima. Trnka alifariki 1969, na baada yake utawala wa wakati ule uliipiga marufuku filamu hiyo.

Lakini kilichonikamata mimi ni uso. Uso wa yule mfinyanzi haubadiliki kabisa. Mdomo haufunguki, nyusi hazipandi. Ila ukiinamisha kichwa kidogo na taa ikatoka upande, unaapa kwamba amehuzunika. Nimeitazama nikiisimamisha kila baada ya sekunde chache, nikakuta huzuni yote iko shingoni na mabegani. Tangu hapo nimeacha kuhangaikia midomo. Nahangaikia namna mtu anavyosimama.

Mwambieni kitinda mimba wetu, huyo mwenye kufuga mende kwenye kopo, kwamba mmoja wa walioianza kazi hii, Ladislas Starewicz, alitaka kurekodi mende wenye pembe wakipigana, lakini chini ya taa wadudu walikuwa wanatulia tuli. Akachukua waliokufa, akawawekea miguu ya waya na nta, akawasogeza picha kwa picha. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 iliyopita. Asijaribu na mende hai.

Baba, kwako nimeweka kwenye simu ya dada filamu ya dakika tano, ya 2017, kuhusu baba anayemfundisha mwanawe kupanga sanduku la safari: kipi kikunjwe, kipi kiviringishwe, mkanda upite wapi. Ulivyonipangia begi langu sebuleni ukamfukuza kila aliyetaka kusaidia, utajiona. Mwisho wake sikuambii, utasema nakutabiria.

Sasa sababu ya barua yenyewe. Kazi yangu ya kumalizia mwaka ni filamu fupi, na nimechagua hadithi ya Kibo na Mawenzi, vile vilele viwili vya Kilimanjaro. Bibi, ile unayosimulia: Mawenzi anakwenda kuomba kwa jirani, anapewa, anarudi tena, anarudi tena, mpaka Kibo anachoka na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongoka hivyo. Wengine wanasema aliomba moto, wengine chakula. Nitafuata unavyosema wewe. Nataka kuongeza kitu kimoja, kwa ruhusa yako: mwishoni Mawenzi arudi na jani la sale, lile la kuombea msamaha, mkononi, asimame mlangoni, na sisi tusione kama amesamehewa. Ukikataa, nitaliacha.

Kwa hiyo naomba haya. Video ya Bibi akitwanga kwenye kinu. Ipigwe kutoka ubavuni, simu iegeshwe kwenye kitu isishikwe mkononi, na nyayo zake zionekane, kwa sababu uzito wa mchi unaanzia chini, magotini na kiunoni. Mikono ni ya mwisho. Msimkatishe akianza kuchoka. Hapo anapopumzika na kubadilisha mkono ndipo ninapopahitaji zaidi.

Mama, mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, yale mepesi, ya maua madogo au mistari myembamba. Hata ukimtuma mtu soko la Memorial akachambue mitumba, atafute nguo za watoto wachanga, zina maua madogo. Na dada akipita Arusha, kwa wale mama wa Kimasai, aninunulie shanga nyeupe za mviringo zenye tundu dogo. Ndizo macho: tundu ni mboni, nalisogeza kwa ncha ya pini. Za huku zinapatikana, ila bei yake ni ya kukatisha tamaa.

Kuna mwenzetu anarudi huku baada ya likizo, atapitia uwanja wa ndege wa KIA, dada anayo namba yake. Mzigo usizidi kilo moja, tafadhali Mama, usiweke unga.

Wasalimieni majirani na wote wa kihamba cha juu. Na mwambieni Bibi asivae kitenge cha Krismasi kwa sababu ya kamera. Nataka ile khanga ya jikoni.

Binti yenu