Kocha lawama, madogo wanapita tu
Mhariri salamu, mi huwa nakesha kucheki basketi ya vyuo vya Marekani na naona kocha John Calipari alilaumiwa mno pale Chuo Kikuu cha Kentucky kwa kutegemea madogo wanaopita tu, ingawa na yeye kayataka. 2012 kabeba ubingwa na kina Anthony Davis, dogo wa mwaka wa kwanza, msimu kuisha tu haooo NBA, ligi ya kulipwa, kocha anaanza tena na watoto wapya. Sasa 2024 kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo Kentucky wakakutana na chuo cha Oakland, jamaa mmoja Jack Gohlke, mtu mzima kwao, akawapiga mitupo 10 ya pointi tatu, Kentucky wakalala 80-76, nje raundi ya kwanza! Madogo wanatazamana tu. Haikupita muda kocha kahamia chuo cha Arkansas, na we ungebaki?

Msomaji, Ilala